Kondakta Wenu Yuko Wapi?

Mzee alifika kaunta saa moja na dakika ishirini na mbili asubuhi. Nakumbuka dakika hizo kwa sababu niliitazama saa kabla ya kumtazama yeye. Ndege ya Mwanza ilikuwa iondoke saa mbili kamili, na kaunta yetu ilifungwa dakika arobaini kabla ya safari. Kwa hesabu ya shirika, alikuwa amechelewa dakika mbili.

Alivaa koti la suti la kahawia, kubwa kidogo kuliko mwili wake, na viatu vilivyopigwa kiwi asubuhi ile ile kisha vikafunikwa na vumbi la njiani. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne, ya zile zinazochapishwa steshenari. Alikuwa anahema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie haraka, nakwenda Mwanza. Nakwenda kuzika."

Nikaipokea karatasi. Jina lake lilikuwamo kwenye orodha, lakini kwenye kompyuta yangu safari ile ilikwisha kufungwa na sikuwa na uwezo wa kumwingiza mtu tena. Nikasema maneno niliyofundishwa: "Samahani sana, mzee, kaunta imefungwa."

Akaniangalia. Akaiangalia kaunta. "Imefungwa vipi, na wewe umo?"

Kwa swali hilo sikuwa nimefundishwa jibu. Nikarudia yale yale. Naye akaeleza: marehemu ni mdogo wake, maziko ni saa tisa alasiri huko Magu, yeye ndiye mkubwa aliyebaki na wanamsubiri atie udongo wa kwanza. Tiketi ilinunuliwa usiku uliopita kwa michango ya ndugu kwenye kundi la WhatsApp. Daladala ilikwama kwenye foleni ya TAZARA, akashuka, akapanda bodaboda. Aliyasema yote hayo bila kupandisha sauti. Nikamwambia anaweza kubadilisha tiketi aende na ndege ya jioni, kwa kulipa ada ya mabadiliko na tofauti ya nauli. Nikamtajia kiasi. Kilikuwa kikubwa kuliko tiketi yenyewe.

Akanyamaza. Kisha akauliza, kwa upole kabisa: "Basi kondakta wenu yuko wapi?"

Mwenzangu wa kaunta ya pili alicheka, akageuza uso ili asionekane. Mimi sikucheka, lakini nilitabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonifanya niandike haya.

*

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, nimetoka chuo, na ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza yenye sare. Shirika sitalitaja. Lilikuwa moja ya yale ya nauli nafuu, na kwetu sisi tuliokulia Mwanza na kusoma Dar es Salaam lilionekana kama muujiza. Nilipokuwa mwanafunzi, ndege ilikuwa chombo cha wabunge, wafanyabiashara wa samaki na wagonjwa mahututi. Sasa kama ulikuwa na bahati na ukanunua tiketi mapema, nauli yako haikupishana sana na ya basi zuri.

Kwenye mafunzo tulielezwa kwa nini nauli imeshuka, na somo lile nililipenda. Ndege ikiwa chini haiingizi chochote. Inaingiza ikiwa angani. Kwa hiyo mashirika ya namna hii huchagua aina moja ya ndege ili marubani, mafundi na vipuri viwe vya aina moja, huongeza viti, huacha kugawa chakula bure, huuza tiketi kwa intaneti, na zaidi ya yote hupambana na muda wa ndege kukaa uwanjani. Ndege iliyotua inatakiwa ishushe watu, ipandishe wengine na kuondoka ndani ya nusu saa au pungufu. Ikichelewa dakika kumi asubuhi Dar, jioni utakuta kuchelewa kule kumekuwa saa nzima mahali pengine, kwa sababu ni ndege ile ile inayozunguka kutwa.

Utaratibu huo ulizaliwa na ukata. Shirika la Southwest la Marekani lilianza kurusha ndege mwaka 1971 kati ya miji mitatu ya Texas: Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka uliofuata pesa zikaisha, wakalazimika kuuza moja ya ndege zao nne. Badala ya kupunguza safari, wakaamua kwamba ndege tatu zitafanya kazi ya nne, na njia pekee ilikuwa kuigeuza ndege uwanjani kwa dakika kumi. Wakaweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Michael O'Leary wa Ryanair ya Ireland alikwenda Marekani kujifunza kwao, akarudi Ulaya na somo. Wa Southwest walisifika pia kwa utani na ucheshi wa wafanyakazi wao. O'Leary yeye alijulikana kwa mengine: mwaka 2009 alisema hadharani kwamba anafikiria kuweka tundu la sarafu kwenye milango ya vyoo vya ndege. Haikutokea, lakini sisi wa kaunta tulikuwa tunataniana nayo kila shirika lilipotangaza ada mpya.

Somo la pili lilihusu sisi. Tulifundishwa kumsalimia kila mtu kwa sentensi moja: "Habari, karibu, naomba kitambulisho." Tulifundishwa kupima mkoba wa mkononi, kilo saba, bila kumwangalia mwenye mkoba usoni. Tulifundishwa kutokujadiliana. "Ukimsikiliza mmoja," mkufunzi alisema, "utawasikiliza wote." Tukaambiwa pia jambo ambalo abiria wengi hawalijui: katika usafiri wa anga kila ndege inayochelewa huandikiwa namba ya sababu. Kuna namba ya hali ya hewa, kuna namba ya ufundi, na kuna namba inayomaanisha kwamba abiria alipokelewa baada ya muda wa kaunta. Namba hiyo ikiandikwa, anatafutwa aliyempokea.

Sikuona ubaya wowote. Kaunta ikifungwa, hesabu ya mwisho ya watu na mizigo hutengenezwa, karatasi ya uzito hupelekwa kwa rubani, naye huitumia kujua ndege yake imekaaje na inahitaji nini ili ipae salama. Ndege si basi. Hata leo nikimsikia mtu akisema sheria ile ni roho mbaya tu, namkatalia.

*

Lakini abiria wetu walikuwa wametoka kwenye basi. Jambo hili halikuwamo kwenye mafunzo.

Waliotunga nauli nafuu huko kwao walikuwa wanachukua pia watu waliozoea ndege za bei kubwa na kuwapunguzia. Abiria wa namna hiyo anajua anachonyimwa. Sisi tulichukua watu ambao safari ndefu ya maisha yao ilikuwa Ubungo hadi Mwanza, zaidi ya kilomita elfu moja na mia moja, unaondoka alfajiri na kufika usiku ukiwa na miguu iliyovimba. Nami nilikuwa mmoja wao. Kwenye basi nililokuwa nikipanda kila likizo, watu walitarajia vitu vichache: soda na biskuti, filamu ya Kinigeria, kusimama porini kuchimba dawa. Na walimtarajia kondakta.

Kondakta wa basi la mkoa si malaika. Ameniongezea nauli ya Krismasi nikiwa nimesimama na sanduku saa kumi na moja alfajiri, huku mpiga debe wake akiniambia kiti ni cha mwisho wakati basi zima lilikuwa tupu. Lakini alikuwa na kitu kimoja: uwezo wa kuamua. Nilimwona akimkalisha mama mjamzito kwenye kiti chake mwenyewe kutoka Dodoma hadi Singida. Nilimwona akimwambia dereva asubiri, kuna mtoto bado yuko chooni. Nilimwona akipunguza nauli kwa kijana aliyeibiwa, na siku nyingine akimshusha mlevi bila huruma. Ukiwa na shida, shida yako ilikuwa na mahali pa kwenda. Ilikwenda kwa mtu mmoja mwenye jasho na daftari, naye alisema ndiyo au hapana, na ulijua kwamba amekusikia.

Kwa hiyo watu walikuja kaunta na adabu za basi. Waliniita dada, mwanangu, mchumba, mama. Waliniambia "tusaidiane." Mama mmoja alikuwa na kilo nne za ziada kwenye begi la nazi na vitenge vya Kariakoo. Nilipomtajia ada, akasema, "Dada, tufanye elfu kumi yaishe." Nikamwambia mashine haikubali. Akalifungua begi pale pale sakafuni, akatoa vitenge vitatu, akavifunga kimoja juu ya kingine juu ya gauni lake, akapanda mizani mwenyewe kwa mzaha huku akiniuliza, "Na mimi je, mtanitoza?" Foleni nzima ilicheka. Aliondoka amevimba kama mtumba, amepunguza uzito wa begi bila kupunguza hata gramu ya uzito wa ndege, na kwa sheria zetu alikuwa sahihi kabisa.

Wengine walikunja noti ndani ya kitambulisho. Nilirudisha vyote viwili, na najivunia. Lakini nilijua hawakuwa wote wanatoa rushwa. Baadhi yao walikuwa wanauliza tu, kwa lugha pekee waliyoijua, kama kuna mtu hapa anayeweza kuamua.

Hakuna kilichonishangaza katika kazi ile kama hasira za watu. Nilidhani wangelalamikia viti vinavyobana magoti, au maji ya kununua. Katika miezi kumi na minane sikumbuki abiria hata mmoja aliyegombana nami kwa sababu ya juisi. Watu wanajua kitu rahisi ni nini. Aliyenunua kandambili hadai soli ya ngozi. Waligombana nami walipopata shida ambayo haikuwamo kwenye orodha ya ada, wakaniangalia usoni, wakakuta mimi ni mashine inayojua kusema shikamoo.

Shikamoo ndiyo iliyokuwa inaniponza. Mkufunzi alikuwa na sababu ya kutupa sentensi moja ya kuwasalimia watu wote. Ukimwamkia mtu, umejifanya mtoto wake. Akiitikia marahaba, amekupokea. Baada ya hapo huwezi kumwambia "sera ya kampuni" bila nyote wawili kuona aibu.

*

Mzee hakugombana. Aliposikia hakuna kondakta alishukuru, akachukua karatasi yake, akaikunja tena mara nne akifuata mikunjo ile ile, akaenda kukaa kwenye viti vya chuma karibu na mlango. Nilidhani anampigia simu mtu wa kumletea nauli ya jioni.

Saa mbili kasoro dakika kumi, redio ya upepo ya mwenzangu ikasema ndege ya Mwanza haitaondoka kwa wakati. Tairi moja ilikuwa na mkato na mafundi wanaibadilisha. Nusu saa ikawa saa nzima. Ndege iliondoka saa nne kasoro robo.

Katika muda ule wote mzee alikuwa pale, hatua kama ishirini kutoka kwangu.

Sasa nitaeleza kitu ambacho sikukieleza kwa mtu yeyote wakati ule. Safari iliyofungwa kwenye kompyuta inaweza kufunguliwa. Mimi sikuwa na ruhusa, lakini supavaiza wa zamu alikuwa nayo. Ndege ikiwa imechelewa kwa sababu ya tairi, namba ya sababu ingekuwa ya ufundi na hakuna ambaye angetafutwa. Mzee hakuwa na begi la kupakia. Karatasi ya uzito ingerekebishwa kwa mtu mmoja. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua redio na kusema, "Supavaiza, kuna abiria mmoja hapa, anakwenda kuzika."

Sikuinua.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuwa namchukia. Nadhani nilikuwa nimeogopa kuonekana mtu wa kusikiliza. Wiki iliyopita mwenzetu alikuwa ameitwa ofisini kwa kuomba-omba sana ruhusa, akaambiwa anafanya kazi ya ustawi wa jamii. Na kulikuwa na sababu nyingine, mbaya zaidi: nilikwisha kumwambia hapana. Kumfuata pale alipokaa na kumwambia kumbe inawezekana kungekuwa ni kukiri kwamba hata mwanzoni ingewezekana kuulizia. Basi nikapanga vitambulisho vya mizigo kwenye droo, nikavipanga tena.

Ndege ilipopaa tuliisikia. Mzee naye aliisikia, akainua macho kidogo juu ya dari. Sijui kama alijua ni ile. Baadaye kidogo alisimama, akaja, nikajua sasa atanitukana, na nilitaka anitukane. Akauliza kama kuna daladala ya kwenda Ubungo moja kwa moja au mpaka abadilishe. Nikamwelekeza. Siku zile mabasi hayakuwa yakisafiri usiku, kwa hiyo angeondoka kesho yake alfajiri, na angefika Mwanza mdogo wake akiwa ardhini kwa zaidi ya siku nzima.

"Asante, mwanangu," alisema. "Kazi njema."

*

Niliacha kazi ile miezi michache baadaye, si kwa sababu yake. Ningependa kusema ni kwa sababu yake, lakini nilipata kazi nyingine yenye mshahara mzuri zaidi. Hata hivyo swali lake nimetembea nalo. Nilidhani ni swali la mtu asiyejua ndege. Kadiri miaka inavyopita naona kwamba siku ile ni yeye peke yake aliyejua kilichokosekana.

Nauli inaposhuka kuna vitu vinakatwa, na shirika hukutajia baadhi: chakula, begi, kuchagua kiti. Kimoja halikutajii. Linamkata yule mtu aliye karibu nawe mwenye ruhusa ya kutumia akili yake. Ruhusa inapandishwa ghorofani, inakaa kwa mtu ambaye abiria hamwoni na hajui cheo chake, na kaunta anawekwa msichana wa miaka ishirini na tatu mwenye skafu shingoni, ili awe ukuta wenye sura ya mtu. Hasira zote zinaishia kwake. Yeye naye, ili aweze kulala usiku, anajifunza kutazama saa kabla ya kumtazama mtu.

Wala si lazima iwe hivyo ili nauli ishuke. Southwest ilikuwa na ndege zenye shughuli nyingi kuliko za wengi na bado watu wake waliruhusiwa kuwa watu. Ulaya, ambako ndege hizi zimeenea kila kona, waliona kondakta haji mwenyewe, wakamtunga kwa sheria: Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inasema safari ikifutwa abiria ana haki ya kurudishiwa pesa au kusafirishwa kwa njia nyingine, apewe chakula na mahali pa kulala akisubiri, na kama kosa si la mambo yaliyo nje ya uwezo wa shirika, alipwe fidia ya kati ya euro 250 na 600 kufuatana na umbali. Sheria hiyo haiulizi tiketi ilikuwa ya bei gani. Aliyelipa kidogo na aliyelipa kingi wana shida sawa wakiwa wamelala sakafuni.

Nilikuwa nayafikiria haya kama mtu anavyofikiria jambo lililopita. Kisha mwaka juzi mama yangu akapangiwa upasuaji Bugando.

*

Nilinunua tiketi nafuu, ya jioni, nifike usiku nilale kando yake kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji asubuhi. Nilipofika uwanjani ujumbe ukaingia kwenye simu: safari imefutwa, mtaondoka kesho saa sita mchana.

Kaunta palikuwa na watu kama sitini. Mwanaume mmoja alikuwa anarekodi kwa simu huku akisema kwa sauti kubwa kwamba ataweka mtandaoni Watanzania wote waone. Mwingine alikuwa anapiga kaunta kwa kiganja. Nyuma yake alisimama msichana mwenye skafu, macho kwenye kompyuta, vidole vimeshika ukingo wa meza. Nilivijua vidole vile. Alikuwa anarudia sentensi moja, na kila akiirudia sauti yake ilikuwa inapungua uhai.

Nilisubiri zamu yangu. Nilikuwa najua vitu vitatu ambavyo wengi waliokuwa wakipiga kelele hawakuvijua. Nilijua kuna ndege nyingine ya shirika lile lile usiku huo. Nilijua mara nyingi viti vichache huwa havijauzwa. Na nilijua nani ana ruhusa ya kuvigawa.

"Pole na kazi, dada," nikamwambia. "Najua wewe huna ruhusa. Naomba uniitie supavaiza wa zamu. Mama yangu anafanyiwa upasuaji kesho asubuhi."

Aliinua macho. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo. Akainua redio. Supavaiza alikuja, kijana mstaarabu, akasikiliza, akabonyeza vitufe kwa dakika mbili, akanipa pasi ya ndege ya saa tatu na nusu usiku. Hakunitoza hata senti. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba nilisikia kichefuchefu.

Nyuma yangu alikuwapo mama mwenye mtoto amelala mgongoni, amefungwa kwa kitenge. Alikuwa ameona yote. Supavaiza alipokwisha kuondoka, akasogea akasema, "Na mimi hivyo hivyo, mwanangu."

"Mama, imejaa," msichana akajibu, bila kuangalia kompyuta.

Pengine ilikuwa kweli imejaa. Pengine alikuwa amekwisha kuinua redio mara moja jioni ile na anajua hesabu ya mara ngapi inaruhusiwa. Simlaumu, ningemlaumu nani? Nikamwinamia yule mama, nikamnong'oneza, "Mwambie akuitie supavaiza."

"Nani?"

"Supavaiza. Wa zamu."

Akajaribu kulitamka, likamshinda katikati. Nikaona anaanza kuona aibu, na watu wa nyuma wanasukuma.

"Kondakta," nikasema. "Mwulizie kondakta wao."

"Ahaa," akasema, na uso wake ukafunguka. Akaigeukia kaunta.

Sikusubiri kuona. Niliitwa niharakishe, ukaguzi ulikuwa na foleni na saa zilikuwa zimekwenda. Sikumwuliza jina, wala anakwenda Mwanza kufanya nini. Ndani ya ndege nilikaa dirishani, na kila aliyeingia mlangoni nilimtazama mpaka alipokaa. Waliingia wanaume wenye mikoba ya kompyuta, wanafunzi, bibi mmoja aliyeshikwa mkono na mjukuu. Kiti cha pembeni yangu kilibaki wazi. Mlango ukafungwa.

Tulipokuwa tayari angani, mhudumu alipita na toroli lake la soda za kuuza. Akaniona nimepakata mkoba wangu magotini.

"Unaweza kuuweka hapo pembeni, dada," akasema kwa ukarimu. "Hakuna mtu."